Jonas Salk, Sindano ya Mafua na Safari Yangu ya Houston

 

Kila mwezi wa kumi, hapa chuoni kwetu huwekwa meza karibu na jengo la wanafunzi. Wauguzi wawili wanakaa pale, kuna foleni fupi, unaonyesha kadi ya bima, unakunja mkono wa shati, unachomwa sindano ya mafua, unaondoka. Dakika kumi hazifiki. Mimi nimeipita meza hiyo miaka mitatu mfululizo bila hata kugeuza shingo. Sababu yangu ilikuwa ile ile ya wengi wetu. Nina miaka thelathini, nina afya, nimekua na malaria, sasa mafua yatanifanya nini? Kwetu mafua ni tangawizi, limau na blanketi. Siku tatu umepona.

Nadhani tatizo linaanzia kwenye lugha yenyewe. Kiswahili cha mtaani kinatumia neno moja tu, mafua, kwa vitu viwili tofauti. Kuna mafua ya kupiga chafya na kamasi, na kuna homa ya mafua, ile ya virusi vya influenza, inayokulaza kitandani wiki nzima, viungo vyote vinauma kama umepigwa, na ikimpata mzee inaweza kushuka kwenye mapafu. Tukisikia chanjo ya mafua tunafikiria ile ya kwanza, tunacheka.

Mwaka jana wakati wa Thanksgiving niliacha kucheka. Niliendesha gari kwenda Houston, ile I-45 ya saa nne, nikiwa na kikohozi na uchovu kidogo ambao niliuita uchovu wa mitihani. Niliyefikia kwake ni kaka mmoja wa nyumbani, na mama yake alikuwa amekuja kutoka Tanga kumsaidia mkewe aliyejifungua. Sote tunamwita Bibi. Nilimsalimia shikamoo, nikamshika mkono, nikakaa naye jikoni jioni nzima akinifundisha kupika mchuzi wa papa kwa samaki wa dukani. Usiku homa ikanipanda. Siku nne baadaye Bibi alilazwa hospitali kwa siku sita akiwa na nimonia. Kipimo kilionyesha influenza A.

Kisayansi siwezi kuthibitisha kwamba ni mimi niliyempelekea. Nyumba ilikuwa na wageni wengi. Lakini mimi ni mhandisi, najua kusoma mfuatano wa matukio. Bibi alipona, alirudi Tanga mwezi wa pili, ila ngazi ambazo alikuwa akizipanda bila kushika ukuta sasa anazipanda akipumzika katikati.

Ndipo nilipoanza kujiuliza kwa dhati kama mtu mzima mwenye afya anapaswa kuchanjwa au la. Sikutaka kuambiwa tu na tangazo. Nilienda maktaba kutafuta aliyeanzisha jambo hili, nikakutana na jina ambalo nilidhani ni la polio peke yake, Jonas Salk. Leo naomba niwasimulie maisha yake, maana ndani yake nimepata hoja za pande zote mbili.

MTOTO WA WAHAMIAJI

Jonas Edward Salk alizaliwa jijini New York tarehe 28 Oktoba 1914, mtoto wa kwanza kati ya wavulana watatu. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Mama yake, Dora, alihamia kutoka Urusi. Baba yake, Daniel, alifanya kazi katika biashara ya nguo. Hawakuwa watu wa shule, lakini nyumbani kwao kusoma ilikuwa ni amri. Msomaji, hapo nadhani unamkumbuka mama yako.

Alipotimiza miaka minne tu, mwezi huo huo wa Oktoba 1918, dunia ilikuwa katikati ya ile homa kubwa ya mafua. Inakadiriwa kwamba iliua watu wapatao milioni 50 duniani, na kama 675,000 kati yao walikuwa Marekani. Huku Texas iliingia katika kambi za jeshi, Camp Bowie pale Fort Worth na Camp Logan pale Houston. Na kwetu hatukusalimika. Mwaka huo huo ilishuka bandarini Mombasa na kupanda bara kwa reli na kwa njia za wapagazi na askari waliokuwa wanarudi kutoka vitani. Cha ajabu ni kwamba ile homa haikuchagua wazee na vichanga peke yao. Iliwaua sana vijana wenye afya wa miaka ishirini na thelathini, yaani sisi.

Salk alisoma City College ya New York, chuo cha umma ambacho wakati huo hakikutoza ada, na ndiyo maana kilijaa watoto wa wahamiaji maskini. Aliingia akiwa na miaka kumi na mitano, na awali alitaka kuwa mwanasheria. Baadaye akageukia tiba, akajiunga na shule ya udaktari ya New York University. Vyuo vingi vya udaktari vya wakati ule viliwawekea Wayahudi kikomo cha idadi, hivyo alikwenda kulikokuwa na mlango wazi. Alihitimu mwaka 1939, na siku iliyofuata akamwoa Donna Lindsay. Walijaliwa watoto watatu wa kiume.

MAFUA NDIYO YALIYOKUWA YA KWANZA

Pale chuoni alikutana na mwalimu aliyebadilisha maisha yake, Dk. Thomas Francis. Virusi vya homa ya mafua vya binadamu vilikuwa vimetengwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1933, kwa kutumia wanyama wadogo waitwao fereti, na Francis alikuwa Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo kwa upande wake. Mwaka 1940 yeye ndiye aliyetambua kwamba kuna aina ya pili, influenza B. Francis alipohamia Chuo Kikuu cha Michigan, Salk alimfuata huko Ann Arbor mwaka 1942.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepamba moto. Jeshi la Marekani lilikumbuka vizuri kwamba katika vita vya kwanza homa ya mafua na nimonia ziliua zaidi ya askari wake 40,000. Basi likaunda tume, na kazi ikawa kutengeneza chanjo kabla historia haijajirudia.

Wazo lenyewe ni rahisi kueleza. Unaviotesha virusi ndani ya mayai ya kuku yenye kiinitete, unavivuna, unavisafisha, halafu unaviua kwa fomalini. Umbo la nje linabaki, uhai unakwisha. Mwili wako ukiliona lile umbo unajifunza kutengeneza kingamwili, kama mlinzi anayeonyeshwa picha ya mwizi kabla mwizi hajafika getini. Ndiyo maana watu wanaposema sindano ya mafua iliwapa mafua, kwa ile ya virusi vilivyouawa haiwezekani. Mkono kuuma na homa ndogo ya siku moja ni mwili unafanya mazoezi.

Mwaka 1943 walifanya jaribio kubwa. Na hapa ndipo mimi nilipokaa wima kwenye kiti, kwa sababu waliochanjwa walikuwa ni wanafunzi! Vijana wa jeshi waliokuwa wamepelekwa kusoma vyuoni, wengi wakisoma uhandisi na udaktari, wanakaa bwenini na kula pamoja. Nusu yao walipewa chanjo, nusu sindano isiyo na kitu. Homa ilipopiga mwishoni mwa mwaka ule, waliochanjwa waliugua kwa kiwango cha chini sana kuliko wenzao. Jeshi likakubali, na mwaka 1945 askari wakaanza kuchanjwa kwa jumla. Kwa maneno mengine, chanjo ya mafua ilithibitishwa kwanza kwa vijana wenye afya kama sisi.

Lakini lazima niseme na upande wa giza. Kabla ya wanafunzi wale, Francis na Salk waliwachanja wanaume waliolazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Ypsilanti, Michigan, kisha miezi kadhaa baadaye wakawaambukiza mafua kwa makusudi ili kuona kama kinga inafanya kazi. Watu wale hawakuwa na uwezo wa kukubali wala kukataa kwa maana tunayoielewa leo. Wakati ule jambo hilo lilichapishwa wazi kwenye majarida ya kitaalamu bila aibu. Mwafrika akisoma haya anakumbuka Tuskegee, na ana haki ya kukumbuka. Kama ndugu yako anasita mbele ya sindano kwa sababu ya historia, usimwite mjinga. Historia hiyo ipo.

SOMO LA MWAKA 1947

Sasa sikilizeni hili. Mwaka 1947 homa ya mafua ilirudi, na waliochanjwa pale Michigan waliugua karibu sawasawa na wasiochanjwa. Chanjo ile ile iliyofanya vizuri mwaka 1943 ilishindwa kabisa. Kwa nini? Kwa sababu virusi vilikuwa vimebadilika sura. Mlinzi alikuwa na picha ya zamani, mwizi amenyoa ndevu na kubadilisha shati.

Hiyo ndiyo sababu sindano ya mafua haichomwi mara moja maishani kama ile ya homa ya manjano tuliyochomwa kabla ya safari. Kila mwaka picha inabadilishwa. Shirika la Afya Duniani lina mtandao wa maabara ulioanza mwaka 1952, unaokusanya virusi kutoka pembe zote, ikiwa ni pamoja na Entebbe na Nairobi, na wataalamu wanakutana mara mbili kwa mwaka kuamua aina zitakazowekwa kwenye chanjo. Ni ubashiri wa kisayansi, lakini bado ni ubashiri. Mwaka wanaopatia, kinga inapunguza ugonjwa wa kwenda kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Mwaka wanaokosea, inashuka chini ya hapo.

POLIO, DALLAS NA HOUSTON

Mwaka huo huo wa 1947 Salk alihamia Chuo Kikuu cha Pittsburgh kuongoza maabara yake mwenyewe, na fedha za shirika la kupambana na polio zikamgeuza kuelekea ugonjwa wa kupooza. Alibeba mbinu aliyojifunza kwenye mafua, yaani kuua kirusi kwa fomalini na kubakiza umbo. Wakubwa wengi wa fani hiyo waliamini kwamba kirusi kilichouawa hakiwezi kutoa kinga ya kudumu.

Mwaka 1952 ulikuwa mbaya kuliko yote Marekani, wagonjwa wa polio karibu 58,000. Hapa Dallas, kiangazi cha mwaka ule, mtoto wa miaka sita aitwaye Paul Alexander alipooza kuanzia shingoni kushuka chini. Aliwekwa ndani ya silinda ya chuma iliyokuwa ikimsaidia kupumua kwa kubadilisha mgandamizo wa hewa. Aliishi na mashine hiyo kwa zaidi ya miaka 70, akasoma, akawa mwanasheria, akafariki hapa Dallas tarehe 11 Machi 2024. Wengi wenu mlimwona kwenye habari. Na kule Houston, hospitali maarufu ya ukarabati iitwayo TIRR ilizaliwa mwaka 1959 kutokana na kazi ya Dk. William Spencer kwa wagonjwa wa polio.

Mwaka 1953 Salk alijichanja mwenyewe, mke wake na watoto wake watatu. Mwaka 1954 likaja jaribio kubwa kuliko yote, chini ya mwalimu wake wa zamani Francis. Watoto zaidi ya milioni 1.8 walishiriki. Kati yao, wapatao 440,000 walipata chanjo, na zaidi ya 200,000 walipata sindano isiyo na dawa bila wao wala madaktari kujua nani kapata nini. Wengine waliangaliwa tu bila kuchomwa.

Kabla ya kuanza, ilibidi damu za watoto wengi zipimwe, na upimaji huo ulihitaji seli za binadamu kwa wingi usio wa kawaida. Seli hizo zilizalishwa Tuskegee, Alabama, na wanasayansi weusi wakiongozwa na Russell Brown na James Henderson. Zilikuwa seli za HeLa, zilizotoka kwa mama mweusi, Henrietta Lacks, aliyefariki kwa saratani mwaka 1951 bila kuombwa ruhusa. Kwa hiyo mtu akikuambia chanjo ni mambo ya wazungu, mkumbushe mama huyo na wataalamu hao.

Tarehe 12 Aprili 1955, pale Ann Arbor, ilitangazwa kwamba chanjo ni salama na inafanya kazi. Kengele za makanisa zililia, maduka yalifunga kwa muda, watu walilia barabarani. Salk akawa shujaa siku hiyo hiyo. Ila katika hotuba yake hakuwataja kwa majina wenzake wa maabara waliofanya kazi usiku na mchana, na wengine hawakumsamehe hadi kufa. Tuzo ya Nobel ya mambo ya polio ilikwenda kwa wengine mwaka 1954, Enders, Weller na Robbins, walioonyesha namna ya kuotesha kirusi hicho maabara. Yeye hakuipata kamwe. Chanjo yenyewe haikuwekewa hataza, na hakuchuma utajiri kutoka kwayo.

MSTARI ULIONYOOKA

Furaha haikufika wiki tatu. Watoto waliochanjwa kwa dawa ya kiwanda cha Cutter cha California walianza kupooza. Virusi hai vilikuwa vimebaki ndani ya chupa. Watoto wapatao 200 walipooza kwa namna moja au nyingine, na watu 10 walifariki.

Wahandisi wenzangu, naomba mlione kosa hili kwa jicho la fani yetu. Salk alichora grafu ya virusi vinavyobaki hai kadiri siku za fomalini zinavyoongezeka. Kwenye karatasi ya logariti ilitoka mstari ulionyooka, naye akaurefusha mstari hadi mahali ambapo kirusi hai hakipaswi kuwepo. Kwenye maabara yake ilifanya kazi. Kiwandani, mabaki ya seli yaliyotuama chini ya vyombo yalivificha baadhi ya virusi na fomalini haikuvifikia. Mstari ukapinda mkia. Nani kati yetu hajawahi kurefusha mstari nje ya data zake? Baada ya hapo masharti ya uchujaji na upimaji yalikazwa sana, na usimamizi wa chanjo Marekani ukajengwa upya.

Aliyekuwa waziri wa afya wakati huo alikuwa mwanamke wa Texas, Oveta Culp Hobby, aliyewahi kuongoza jeshi la wanawake wakati wa vita na aliyeendesha gazeti la Houston Post. Alilaumiwa kwa kutojiandaa na ugawaji wa chanjo, na mwezi Julai 1955 alijiuzulu kurudi Houston, mume wake akiwa mgonjwa. Mume huyo ni gavana wa zamani William P. Hobby. Ndiyo, yule ambaye uwanja wa ndege tunaoshukia tukitoka Love Field una jina lake.

Hata hivyo chanjo iliendelea na polio ikaanguka. Baadaye matone ya mdomoni ya mpinzani wake mkubwa, Albert Sabin, yalichukua nafasi, na ndiyo matone tuliyopewa sisi tulipokuwa watoto Tanzania, Kenya na Uganda. Marekani yenyewe ilirudi kabisa kwenye sindano ya virusi vilivyouawa mwaka 2000. Na mwezi Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa imeondokana na polio ya kirusi asilia. Baba yangu mdogo alitembea kwa gongo maisha yake yote kwa sababu ya polio. Wadogo zangu hawaujui ugonjwa huo.

MWAKA 1976

Salk alianzisha taasisi yake La Jolla, California, jengo zuri la zege linalotazama bahari ya Pasifiki lililosanifiwa na Louis Kahn. Wanafunzi wa ujenzi mnalijua. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika mwaka 1968, na mwaka 1970 alimwoa msanii wa Kifaransa Françoise Gilot, aliyewahi kuishi na Picasso.

Mafua yalimfuata tena. Mapema mwaka 1976 askari mmoja kijana alifariki kambini Fort Dix, New Jersey, kwa mafua ya nguruwe, na wataalamu wakaogopa kwamba 1918 inarudi. Rais Gerald Ford aliitisha kikao mwezi Machi. Salk na Sabin, ambao kwa kawaida hawakupatana hata kwenye rangi ya anga, wote walishauri nchi nzima ichanjwe. Watu zaidi ya milioni 40 walichanjwa. Mlipuko haukuja. Badala yake ikaonekana kwamba kwa kila watu kama 100,000 waliochanjwa, mmoja zaidi alipata ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao Guillain-Barré, unaoleta udhaifu wa viungo. Mpango ukasimamishwa mwezi Desemba. Hofu nyingi za sindano ya mafua hapa Marekani zina mizizi mwaka ule. Kwa chanjo za miaka ya baadaye, hatari hiyo, inapoonekana, hukadiriwa kuwa mtu mmoja au wawili kwa milioni.

Miaka yake ya mwisho Salk aliitumia kutafuta chanjo ya UKIMWI kwa kutumia mbinu yake ile ile ya kirusi kilichouawa. Hakufanikiwa. Alifariki La Jolla tarehe 23 Juni 1995, akiwa na miaka 80. Oveta Culp Hobby alifariki Houston mwezi Agosti mwaka huo huo.

BASI, TUCHANJWE AU TUSICHANJWE?

Nimeona nisiwafiche hesabu. Mapitio makubwa ya mwaka 2018 ya shirika la Cochrane, yaliyojumlisha majaribio mengi kwa watu wazima wenye afya, yalionyesha kwamba bila chanjo watu 2.3 kati ya 100 walipata homa ya mafua iliyothibitishwa katika msimu mmoja, na kwa chanjo walikuwa 0.9. Ukipiga hesabu, inabidi wachanjwe watu wapatao 71 ili mmoja asiugue. Mtu anaweza kusema hiyo ni faida ndogo, na hatakuwa mwongo. Jaza basi kubwa la abiria 71, wachome wote, utakuwa umemwokoa mmoja asilale wiki nzima katikati ya mitihani. Sabini wengine wataondoka na mkono unaouma tu.

Kama hesabu ingeishia kwangu, pengine ningeendelea kuipita ile meza. Lakini haiishii kwangu. Kinga ya wazee huwa imechoka, chanjo haiwashiki vizuri kama inavyotushika sisi. Mtoto chini ya miezi sita hachanjwi kabisa. Hawa wanategemea waliowazunguka. Kuna jaribio lililofanyika katika jamii za Wahutterite nchini Kanada, likachapishwa mwaka 2010. Watoto wa baadhi ya vijiji walichanjwa mafua, na wakazi wa vijiji hivyo ambao hawakuchanjwa walipata kinga ya takriban asilimia 61 bila kuguswa na sindano. Mwaka huo huo wa 2010 ndipo kamati ya ushauri wa chanjo ya Marekani ilipopendekeza kila mtu mwenye umri wa miezi sita na kuendelea achanjwe, tofauti na zamani ambapo vijana wenye afya waliachwa pembeni.

Sasa jiangalie wewe msomaji. Unakaa nyumba moja na watu wanne au watano. Wikendi uko kwenye harusi, msiba, au kanisani na msikitini. Nusu yetu tunafanya kazi za kulea wazee. Desemba unapanda ndege, saa ishirini na zaidi na watu mia tatu, unashuka Dar, Nairobi au Entebbe, na wa kwanza kukukumbatia uwanjani ni bibi yako. Kule nyumbani chanjo ya mafua si kitu cha kawaida kukipata, na mafua yenyewe yapo karibu mwaka mzima. Mwenye nafasi ya kuchanjwa katika ukoo mzima pengine ni wewe peke yako.

Kwa hiyo mimi nimepanga foleni mwaka huu. Sikupanga kwa sababu Salk alikuwa malaika, maana hakuwa, na historia yake nimewapa na makovu yake. Nimepanga kwa sababu nimeona makosa yalivyohesabiwa na kurekebishwa hadharani, na hatari iliyobaki ni ndogo kuliko ile niliyombebea Bibi kwa gari langu. Ukiamua kuchomwa, fanya mapema, maana mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga. Kama uliwahi kupata mzio mkali wa chanjo au Guillain-Barré, zungumza na daktari kwanza. Na ukiwa na homa, uchanjwe usichanjwe, usisafiri. Hilo nalo nimejifunza kwa gharama.

Mwezi huu kaka wa Houston amepata mtoto wa pili na Bibi ameshapata viza, anakuja tena. Nimempigia simu, nikamweleza yale ya mwaka jana, kwamba nilikuja nikiwa mgonjwa na sikusema. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimeshajua kupika mchuzi wa papa. Nikamjibu bado, Bibi, nakuja unifundishe.